Siku Ishirini na Nane za Kwanza

Embriolojia niliisomea Ruiru, chini ya mparachichi nyuma ya nyumba ya cucu, nyanya yangu, chuo kikiwa kimefungwa na wanajeshi wakisimamisha magari barabarani. Vijana wa famasia wanaokuja kwangu kujifunza kazi, kutoka Thika na Juja, huniuliza ni mwalimu gani aliyenifundisha kuihesabu mimba siku kwa siku, wakitarajia nitaje profesa. Walimu wazuri nilikuwa nao na ninawaombea heri. Hata hivyo somo hilo liliniingia nikiwa nyumbani, katika miezi ambayo hatukuruhusiwa kukanyaga chuoni, na kwa kuwa tuliosoma pamoja tunazidi kupungua, nimeona niyaandike ningali nayakumbuka vizuri.

Nilijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1981. Shahada ya famasia ilikuwa bado changa nchini: ilianzishwa mwaka 1974, ikiwa idara ndani ya Kitivo cha Tiba, na kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kuwa mfamasia hakuwa na budi kwenda kusomea ng'ambo, wengi wakienda Uingereza au India. Darasa letu lilikuwa dogo. Kemia na hesabu za dozi tulizipokea bila swali, maana ndizo tulizokuja kutafuta. Anatomia ndiyo iliyotushangaza. Wenzangu kadhaa walinung'unika waziwazi: sisi tutakaa nyuma ya kaunta tukihesabu vidonge, jina la kila mshipa wa mkono litatufaa nini?

Masomo hayo yalikuwa katika kampasi ya Chiromo. Ukiingia kwenye ukumbi wa kupasulia maiti, fomalini ilikupokea kabla ya mtu yeyote: ilichoma pua, ikatoa machozi, ikakaa kwenye shati mpaka mwisho wa wiki. Miili ililazwa juu ya meza ndefu, imefunikwa. Wanafunzi wa udaktari walipasua mwili mzima, sehemu baada ya sehemu. Sisi wa famasia mara nyingi tulionyeshwa viungo vilivyokwisha kupasuliwa na kuandaliwa. Wengi kati ya wale waliolala pale walikuwa watu waliokufa bila ndugu kujitokeza kuwachukua, nasi tuliwasoma kwa idhini ya Sheria ya Anatomia, sura ya 249 ya sheria za Kenya. Mwalimu alitukataza kucheka mle ndani, na hakuna aliyecheka. Majina yao sikuyajua. Mpaka leo nikipita Chiromo huwakumbuka katika sala.

Nyumbani jambo hilo halikuwa jepesi. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo mama yake baba aliniita mume wangu, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu. Kwa watu wa kizazi chake, aliyegusa maiti alikuwa na thahu, unajisi usiomtoka mtu mpaka atakaswe. Jumamosi ya kwanza niliporudi kutoka Chiromo alisimama mlangoni akanusa shati langu.

"Mume wangu, umegusa nini?"

Nikamweleza, bila kumficha. Hakunifukuza wala hakunikemea. Aliniletea karai la maji na kipande cha sabuni nje ya ua, akageukia upande mwingine mpaka nikamaliza kuoga na kubadilisha nguo, kisha akanikaribisha ndani nile. Ukawa ndio utaratibu wetu. Cucu alikuwa mama wa kanisa wa siku nyingi, Jumapili haikumpita, na bado karai lile halikukosa kuwepo. Niliuona utaratibu ule kuwa ni heshima kwa wafu na kwa walio hai pamoja, na sikuwahi kuubishia.

Kilichonigeuza mimi, nikaacha kunung'unika na wenzangu, ni ini. Siku moja mwalimu msaidizi aliliinua ini kutoka mezani, akaligeuza upande wa chini, akapenyeza kijiti chembamba cha chuma kwenye mshipa mnene unaoingilia hapo. Akatuambia tuufuate kwa vidole kurudi nyuma. Tukaufuata, na kumbe umekusanya damu ya utumbo, ya tumbo, ya wengu na ya kongosho. Damu yote iliyobeba chakula, pamoja na dawa iliyomezwa, hupita kwanza kwenye ini kabla haijauona moyo. Akauliza: mgonjwa wa moyo anayebanwa na kifua, kwa nini kidonge chake cha nitrogliserini anakiweka chini ya ulimi? Tukanyamaza. Kisha mmoja wetu, msichana aliyekuwa haongei sana, akasema kwamba damu ya chini ya ulimi haipiti hapa. Ndivyo hasa. Dawa ile ikimezwa, ini huiharibu sehemu kubwa kabla haijafika inakotakiwa. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma kitabuni nikaikariri. Sasa nilikuwa nimeipitishia kidole.

Histolojia ilikuwa na utulivu wake. Kila mtu na hadubini yake, na vipande vya tishu kwenye slaidi, vimetiwa rangi ya hematoksilini na eosini, viini vya seli vikawa zambarau na sehemu nyingine waridi. Tulitakiwa kuchora tulichokiona. Nilinunua penseli waliyokuwa nayo makarani, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Ukiipitisha nyekundu kwa wepesi hutoa waridi, ukiongeza buluu juu yake unapata zambarau yako. Nilichora ngozi na tabaka zake za juu za seli zilizokwisha kufa, nikaelewa kwa nini dawa nyingi za kupaka haziendi mbali. Nilichora utumbo mwembamba na vijidole vyake, ambavyo urefu wake haupiti milimita moja hivi, na ambavyo ndivyo mlango wa karibu kila kidonge tunachomeza. Na nilichora kondo la nyuma, kwanza likiwa changa, kisha likiwa limekomaa. Ajabu yake ni hii: kadiri mimba inavyokua, ukuta unaotenganisha damu ya mama na damu ya mtoto huzidi kuwa mwembamba. Molekuli ndogo, na dawa nyingi tunazouza ni molekuli ndogo, huvuka. Heparini ni kubwa mno, haivuki, warfarini huvuka. Mwalimu alitueleza hayo kwa haraka kipindi kikiisha, akasema baada ya maafa ya dawa ya thalidomaidi hakuna mtu makini anayeliona kondo kuwa ngome. Akafuta ubao. Embriolojia yenyewe tungeimaliza baadaye.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 ilinikuta Ruiru. Nilikuja Ijumaa jioni na mkoba wenye nguo za kufua, penseli yangu, na kitabu cha embriolojia cha Jan Langman nilichoazimwa na rafiki wa udaktari, kwa ahadi ya kukirudisha Jumatatu. Vitabu vyangu vingine vyote vilibaki bwenini. Asubuhi ile, kwenye redio ya Sauti ya Kenya, tulimsikia Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyojulikana nchi nzima, akitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye tulijua kuwa wanajeshi wa anga walimchukua kwa nguvu wakamlazimisha asome. Kambi ya jeshi ya Kahawa iko kati yetu na Nairobi, na matatu zilikuwa hazipiti. Kufikia mchana redio ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali, na cucu, aliyeyaona ya hali ya hatari miaka ya hamsini, alikwisha kuzika chini ya mahindi karatasi zote za nyumba ile zenye mhuri wa chuo.

Wanafunzi wengi wa Nairobi walikuwa wamejitokeza barabarani kushangilia, nasi sote tukalipa. Chuo kikafungwa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Hakutoka, alifia gerezani mwaka 1988. Makamu mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Profesa Joseph Mungai, naye mtaalamu wa anatomia. Milango haikufunguliwa tena mpaka Oktoba 1983.

Kila mwanafunzi aliamriwa kuripoti kwa chifu wa kwao. Nilikwenda kambi ya chifu nikiwa na kile kitabu kwapani, kwa sababu kukiacha nyumbani niliona ni hatari kwake. Kilikuwa si changu, na ndicho nilichobaki nacho. Karani alinipa daftari nikatia sahihi, kisha nikaitwa ndani.

"Kijana, mnafundishwa nini huko kinachowafanya mtake kuipindua serikali?"

"Mimi nasoma famasia, Mzee. Mambo ya dawa."

"Na hicho?"

Nikamkabidhi. Alikifungua katikati, akakutana na picha ya kiinitete kikubwa ukurasa mzima, kichwa kimeinama, mkia bado upo. Akakaa nacho kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu ni mtu?"

"Ni mtu, Mzee. Ana wiki tano tangu mimba itungwe."

"Na hivi vya pembeni?"

"Ni mikono inaanza kuchipua."

Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kutia sahihi, hakuniuliza siasa. Aliniuliza mtu wangu sasa ana wiki ngapi, nami nilihakikisha nimesoma mbele ya hapo tulipoachia, ili niwe na la kumwambia. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba yule mzee ndiye aliyenifanya nikimalize kitabu.

Kusoma peke yake hakukutosha. Mikunjo ya siku za mwanzo ni migumu kuiona kwenye karatasi: karatasi ya seli inajikunja, inakuwa mrija, mrija unajipinda, unakuwa moyo. Nikamwomba cucu mayai. Alikuwa na kuku anayeatamia, na tukapatana: nimkatie ng'ombe majani ya nepia kila asubuhi, naye anigawie mayai machache ya kutazama. Niliyaandika tarehe kwa penseli juu ya ganda. Siku ya tatu nilivunja moja taratibu ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, juu ya kigoda, pale chini ya mparachichi ambapo jua lilikuwa zuri. Juu ya kiini cha yai ulikuwa umetanda wavu wa mishipa myekundu, na katikati yake kitone kidogo kuliko punje ya mtama. Kilikuwa kinapiga. Aristotle aliandika juu ya kitone hichohicho zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akasema kinaonekana baada ya siku tatu. Nilimwita cucu. Alichuchumaa, akaegemea goti langu, akatazama mpaka kilipoacha kupiga.

"Bado hana kichwa wala miguu," akasema, "na moyo tayari?"

Nikamwambia kwa binadamu ni vivyo hivyo. Moyo huanza kupiga karibu siku ya 22 baada ya mimba kutungwa. Mrija wa neva, ambao ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo, huwa umefunga ncha zake zote kufikia siku ya 28. Kufikia mwisho wa wiki ya nane viungo vyote vikuu vimekwisha kupata umbo. Kinachobaki ni kukua na kukomaa.

Cucu alikuwa amewazalisha wanawake wengi katika mashamba ya kahawa ya Ruiru, kwenye nyumba za vibarua ambako gari la hospitali halikufika. Alinisikiliza, akahesabu kwa vidole, kisha akaniambia jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. "Mwanamke wa huku hasemi ana mimba mpaka mwezi wa tatu uishe. Akisema mapema anaogopa itaharibika. Hata mume wake hajui." Akanyoosha kidole kwenye bakuli. "Sasa haya yote unayoniambia, yanafanyika kabla mtu hajasema neno."

Nimezunguka sana na sentensi hiyo. Wiki nane ambazo mwili unatengenezwa ndizo wiki ambazo hakuna anayemwambia mwenye duka la dawa lolote. Mama mwenyewe, akichelewa siku zake kwa wiki moja na kuanza kushuku, moyo wa mtoto uko karibu kuanza kupiga au umeanza. Mtu anayeijua dawa na dozi yake, asijue kinachojengwa wiki ile, anafanya kazi gizani.

Mwanzoni mwa 1983 nilipata kibarua Thika, katika duka la dawa karibu na steji ya matatu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Nairobi aliyesomea famasia London. Wateja walimwita daktari, wafanyakazi wa viwandani na wachumaji wa mananasi vilevile, naye kila mara aliwasahihisha kwa upole. Kazi yangu ilikuwa kupanga rafu, kupima dawa ya kikohozi kwenye chupa na kuandika lebo. Ukutani, nyuma ya kaunta, ilining'inia kalenda yenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Hakuna mwanamke wa umri wa kuzaa aliyenunua dawa pale, hata ya kuumwa na kichwa, asiulizwe: "Mama, siku zako za mwisho ulizipata lini?" Wengine walikasirika. Wengine walitoka wakaenda duka la jirani, na mzee akapoteza biashara. Hakuacha.

Nilimuuliza sababu siku moja tulipokuwa tunafunga hesabu. Akaniambia mwisho wa mwaka 1961 alikuwa mwanagenzi katika duka moja huko London, na ni yeye aliyetumwa kuziondoa rafuni chupa za Distaval. Hilo ndilo jina ambalo thalidomaidi iliuzwa nalo Uingereza tangu 1958. Ilikuwa dawa ya usingizi, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ilisifiwa kuwa salama kuliko nyingine zote za aina yake. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na madhara yake, wengi mikono yao ikiwa mifupi au haipo kabisa. "Nilikuwa nimeziuza kwa mkono huu," akasema. "Na kila aliyenunua nilimwambia asiwe na wasiwasi."

Yeye aliijua dawa na aliyajua maafa. Mimi nilikuwa na kitabu. Nikamwonyesha kwamba madhara ya thalidomaidi kwenye viungo huangukia takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba itungwe: anayeimeza mapema katika kipindi hicho huweza kuzaa mtoto asiye na masikio, baadaye kidogo ni mikono, baadaye tena ni miguu. Mzee alivua miwani. Akachukua penseli ya kalenda akahesabu mwenyewe, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Wiki mbili na kitu tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Dozi ileile. Wiki ile, mtoto hana mikono. Mwezi mmoja baadaye, ana mikono." Alikaa kitako juu ya kreti la soda. Nilimwona akiwahesabu watu katika kichwa chake, wateja wa miaka zaidi ya ishirini nyuma, na sikuweza kumsaidia kwa lolote. Tangu hapo tuliifanya kazi ile wawili: yeye aliuliza tarehe, mimi nilihesabu. Tetrasaiklini tuliikataza kwa mjamzito wa miezi ya katikati na ya mwisho, kwa kuwa huganda kwenye meno ya mtoto yanayojengwa wakati huo na kuyatia rangi. Wengine tuliwarudisha zahanati. Wengine tuliwatuliza kwamba dawa waliyoimeza haina neno. Sijawahi kuiona famasia ikiwa na maana zaidi ya ilivyokuwa kwenye kaunta ile.

Chuo kilipofunguliwa tulirudi. Rafiki yangu alipokea kitabu chake bila kulalama. Tulimaliza, tukatawanyika, na mimi nikaajiriwa serikalini, nikafanya kazi sehemu mbalimbali kabla ya kurudi upande wa kwetu, uliokuja kuitwa Kaunti ya Kiambu.

Mei 2018 ndipo siku zile za chini ya mparachichi ziliponidai. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuanza kutoa dolutegraviri, dawa nzuri mno ya VVU, mwaka mmoja kabla yake. Sasa Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari: katika utafiti wa Botswana, kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dawa hiyo, watoto 4 walikuwa na kasoro ya mrija wa neva. Hiyo ni karibu asilimia 0.9, wakati kwa wengine ilikuwa karibu 0.1. Nchini kwetu wanawake walio katika umri wa kuzaa wakawekewa vizuizi, na habari ikatoka hospitalini ikaingia sokoni ikiwa imevuliwa tarakimu zake zote: dawa ile inalemaza watoto.

Mama mmoja alikuja dirishani kwangu na chupa yake mkononi. Mimba ilikuwa na miezi minne na alikuwa ameishika akiitumia dawa hiyo. Alikuja kuirudisha. Alikuwa hajameza kidonge kwa siku kadhaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba afadhali afe yeye.

Nilimtoa kwenye foleni, tukaketi ofisini. Nilimuuliza tarehe. Nikachukua kalenda ya mezani, nikaweka alama siku zake za mwisho, nikahesabu wiki mbili mbele, nikaandika: hapa mimba imetungwa. Nikahesabu siku 28, nikachora mstari. "Mama, kile wanachokiogopa hutokea kabla ya mstari huu. Mtoto wako ameuvuka mstari huu zaidi ya miezi miwili iliyopita. Kuacha dawa leo hakubadilishi chochote kilichofanyika kule nyuma. Kitu ambacho kuacha dawa leo kunaweza kufanya ni kumpa virusi." Nikamweleza pia kuhusu wale 426, kwamba 422 hawakuwa na kasoro hiyo, na kwamba daktari angemwandikia apigwe picha ili uti wa mgongo wa mtoto uonekane. Alishika kalenda akahesabu mwenyewe, kidole juu ya kila siku, midomo ikisogea. Alipofika kwenye mstari alirudia tena tangu mwanzo. Kisha akaomba maji ya kumezea.

Julai ya mwaka huohuo wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali, wakadai waachiwe wapime wenyewe faida na hatari baada ya kupewa habari kamili, badala ya kunyang'anywa dawa bora kwa jina la watoto ambao bado hawajatungwa. Nilikubaliana nao kwa moyo wote, na pia nawaheshimu watafiti wa Botswana walioona wanne wakasema mapema. Watu wa 1961 walichelewa kusema. Hesabu za Botswana zilipoongezeka, hatari ilipungua: kufikia 2019 walikuwa watoto 5 kati ya 1,683, karibu asilimia 0.3, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Baadaye tofauti ilikaribia kutoweka. Bado nawafikiria waliozitupa chupa zao mwaka ule kwa kuwa aliyekuwa dirishani hakujua siku ya 28 ni nini.

Siku hizi hapa kwetu mtu hahitaji kwenda Chiromo ili asomee famasia. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, Jomo Kenyatta kiko Juja, na Kenyatta kiko barabara hiihii ukielekea Nairobi. Wanafunzi wao ninaokutana nao ni werevu, wana picha za kiinitete zinazozunguka kwenye simu, jambo ambalo chifu wangu angelifurahia sana. Lakini naona embriolojia ikisukumwa pembeni, ikikaririwa usiku mmoja kabla ya mtihani, na hata baadhi ya walimu wakiizungumzia kuwa ni mali ya madaktari wa uzazi. Ninawapinga kila ninapopata nafasi. Daktari wa uzazi humwona mama mimba ikiwa imejulikana. Mwenye duka la dawa humwona kabla ya hapo, akiwa amekuja kununua dawa ya chunusi, ya malaria, ya kifafa cha dada yake, bila kujua kwamba wapo wawili.

Kwa hiyo anayekuja kwangu, kabla sijampa nafasi kwenye kaunta, huchora kondo la nyuma kwa mkono wake, la wiki ya nane na la wiki ya thelathini na sita, kwa penseli nyekundu na buluu, na kuandika majina ya dawa zinazovuka na zisizovuka. Wapo wanaouliza waanzie wapi. Huwaambia waanze na la wiki ya nane, kwa kuwa la thelathini na sita mama atakuja amelitangulizia tumbo, lile jingine atakuwa nalo na hatalisema.